Ukumbi Tuliopokezana na Ng'ombe

Kabla yetu walikuwa ng'ombe.
Wiki nzima ya maonyesho mafahali weupe wa nundu
walilala humu, Londrina, chini ya bati hili hili,
wakatuachia harufu, mabua pembezoni,
na bango moja lisemalo BEI HAIPUNGUI,
ambalo Valdemir alilitundika juu ya dirisha la tiketi
akacheka peke yake.

Kampuni yetu ni watu watatu na gari bovu.
Valdemir ndiye mdomo: hupiga simu, huahidi, huomba radhi.
Mimi nashika utepe wa kupimia.
Tamasha la anime lina sheria zake, na kila upanga
hupita mkononi mwangu mlangoni:
wa kadibodi, wa sponji, wa bomba la maji lililopakwa rangi ya fedha.
Ukizidi mita moja na nusu unabaki kwangu hadi jioni,
na namba shingoni kama koti la mgeni.
Nimewapokonya silaha mashetani, manahodha wa angani,
na daktari wa meno kutoka Maringá, mwenye mabawa,
aliyeniuliza kwa upole kama namba yake haitapotea.

Wa tatu ni Dona Iracema Nakagawa, mhasibu,
miaka sitini na minane, sweta la kahawia,
asiyejua jina la katuni hata moja,
au ndivyo tulivyoamini.
Kwake watu elfu mbili ni vyoo vingapi,
mvua ni hasara,
na shangwe haina safu yake katika daftari.
"Haba na haba," nilimwambia mwaka jana, nikimtia moyo.
"Kibaba chenyewe kina tundu," akajibu, bila kuinua kichwa.

Jumamosi, saa nane mchana, simu.
Mgeni wetu wa heshima kakwama São Paulo kwa ukungu,
na watu wamekwisha kuketi sakafuni,
wigi za samawati, wigi za waridi,
wanja unachuruzika,
mtoto mmoja kavaa sanduku, hawezi kukaa.
Valdemir akashika kipaza sauti, akakirudisha,
akakishika tena.
Mdomo wa kampuni umekauka.

Dona Iracema akafunga daftari.
Akafunga na kalamu.
Akapanda ngazi za pembeni, mkono juu ya goti,
nasi tukadhani anakwenda kutangaza kurudisha fedha.

Akasema, kwa sauti isiyo yake,
nyembamba, yenye mchanga kidogo:
"Msinifungie mlango. Nyayo zangu bado zinakuja nyuma."

Mtoto wa mbweha!
Nilikuwa na miaka saba. Kila jioni, dirishani kwa jirani,
nikisimama juu ya ndoo, nilimwona akipotea thelujini,
na sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya mbweha mna mtu,
karani wa miaka thelathini
katika chumba kilichozibwa kwa mablanketi,
akilipwa kwa mstari,
na kwamba malipo ya mwisho hayakufika,
ndipo akaenda kusomea hesabu.

Kimya. Mvua tu, juu ya bati.
Kisha daktari wa meno akasimama, mabawa yakitetemeka,
akatoa jibu lile, na nyuma yake ukumbi,
watu wazima wenye mikopo na migongo mibovu:
"Ingia, mdogo. Supu ingali moto."

Jumatatu tunafagia nywele za bandia pamoja na mabua.
Tumepungukiwa. Dona Iracema kaitaja tarakimu
mpaka senti, kwa sauti yake ya kila siku.
Valdemir anataka mbweha kwenye bango la mwakani.
"Mkataba kwanza," anasema.
"Na malipo kabla sijakanyaga ngazi."

Alhamisi ng'ombe wanarudi.
Namba arubaini na moja hakuja kuchukua upanga wake.
Nimeulaza garini, kiti cha nyuma,
nikaufunga mkanda.